Utaratibu wa EIP wa Ethereum: tathmini ya katibu wa vikao

Ninaupa utaratibu wa mapendekezo ya kubadilisha Ethereum (blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala, yenye sarafu iitwayo ETH) nyota nne kati ya tano, na ile moja ninayoizuia ina sababu nitakayoieleza kwa kirefu. Nauzungumzia kama mtumiaji. Ninatunza maktaba ndogo ya programu huria inayosoma miamala ya Ethereum na kuigeuza kuwa taarifa za kihasibu, kazi ninayoifanyia nyumbani Arusha. Nje ya kazi hiyo ni katibu wa SACCOS ya mtaani kwetu, kwa hiyo najua ajenda ni nini, muhtasari ni nini, na kikao kinavyoharibika pale mambo yatokanayo yasipofuatiliwa. Ninapotazama watu wa nchi mbalimbali, wasio na mwajiri mmoja wala bosi mmoja, wakikubaliana kubadilisha programu inayobeba mali za watu, jicho langu huenda kwanza kwenye makabrasha.

Na makabrasha yao ni mazuri sana.

Kwa asiyejua: Ethereum haina kampuni inayoimiliki, na programu ya nodi, yaani kompyuta zinazoendesha mtandao, si moja. Upande wa kutekeleza miamala kuna Geth, Nethermind, Besu, Erigon na Reth. Upande wa makubaliano, yaani kuafikiana bloku ipi ni halali, kuna Prysm, Lighthouse, Teku, Nimbus, Lodestar na nyinginezo. Kila moja ina timu yake na nyingi zimeandikwa kwa lugha tofauti za programu, lakini zote lazima zitoe jibu lile lile kwa kila bloku (fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo), la sivyo mnyororo unagawanyika. Ndiyo maana badiliko huandikwa kwanza kwa maneno, tena kwa usahihi wa kiasi kwamba timu mbili zisizowahi kuonana zikilisoma zitaandika programu zinazoafikiana. Andiko hilo ndilo EIP (Ethereum Improvement Proposal, pendekezo la kuboresha Ethereum). Kanuni zake ziko kwenye EIP-1 ya Oktoba 2015, iliyofuata mfano wa BIP za Bitcoin, nazo zilifuata mfano wa PEP za lugha ya Python.

Mtu yeyote anaweza kuandika pendekezo. Namba hajipi mwenyewe, anapewa na wahariri, na wahariri hao hawana kazi ya kusema kama wazo ni zuri au baya. Wanaangalia kama limeandikwa sawasawa na linaeleweka. Hapo pendekezo ni rasimu. Baadaye linaingia kwenye mapitio, kisha mwito wa mwisho ambao kwa kawaida ni siku 14, kisha linakuwa kamili. Likikaa miezi 6 bila kuguswa, linaandikwa kuwa limedumaa. Sehemu ya usalama ni ya lazima: bila hiyo hakuna ukamilifu, na sentensi moja ya kuziba nafasi haitoshi. Natamani miradi mingi ninayoifahamu ingeiga kanuni hii hata kama haina uhusiano wowote na blokucheni.

Nichukue mfano mmoja, EIP-7702, kwa sababu uligusa mkate wangu. Pendekezo hili linairuhusu akaunti ya kawaida, ile inayofunguliwa kwa ufunguo wa siri tu, ielekeze kwenye msimbo wa mkataba erevu, yaani programu inayokaa na kujiendesha kwenye mnyororo. Mwenye akaunti anaweza kufanya mambo kadhaa kwa muamala mmoja, au mtu mwingine akamlipia gesi, yaani ada ya muamala. Kichwani mwa andiko imeandikwa tarehe lilipoanza: 7 Mei 2024. Liliwashwa kwenye mtandao mkuu na sasisho la Pectra tarehe 7 Mei 2025, mwaka mmoja kamili. Katika mwaka huo andiko lilibadilika sana. Rasimu ya kwanza ilisema msimbo unawekwa kwenye akaunti muamala unapoanza na kuondolewa unapokwisha. Toleo lililowashwa linasema kielekezi kinabaki mpaka mwenye akaunti akibadilishe. Kwa mtu anayesoma miamala kama mimi, hiyo ni tofauti ya usiku na mchana: akaunti niliyozoea kuikuta tupu sasa inaweza kuwa na baiti 23, yaani alama 0xef0100 ikifuatiwa na anwani ya mkataba.

Haya yote niliyajua mapema bila kumuuliza mtu. Kila badiliko la andiko limehifadhiwa, unaona mstari uliofutwa na ulioingia, nani kauleta na majadiliano yaliyouzaa. Niliona aina ya muamala ikipewa namba 4, nikaona orodha ya idhini ikiongezwa, nikaona kanuni kwamba idhini yenye namba ya mnyororo 0 inakubalika kwenye mnyororo wowote. Hapo nilisimama nikasoma tena, maana ni jambo la hatari kwa mtumiaji asiyejua anachosaini. Maktaba yangu ilikuwa tayari kabla Pectra haijawashwa. Kuna huduma ninazozilipia kila mwezi ambazo hazijawahi kunipa taarifa za namna hiyo hata kwa barua pepe.

Baada ya andiko kuna vikao. Alhamisi moja ni kikao cha upande wa utekelezaji, Alhamisi inayofuata ni cha upande wa makubaliano, saa 14:00 za kimataifa, yaani saa kumi na moja jioni kwetu. Kwa Afrika Mashariki saa hiyo ni nzuri, kazi za mchana zimepungua na giza halijaingia. Ajenda hutangazwa hadharani kabla ya kikao na mtu yeyote anaweza kuomba jambo liingizwe. Kikao kinarushwa mubashara na video inabaki YouTube. Mimi sitazami video, bando haliruhusu. Nasoma maandishi ya yaliyosemwa na muhtasari wa maamuzi, na kwa sehemu kubwa unatosha. Tim Beiko, aliyeendesha kikao cha utekelezaji kwa miaka mingi, alikuwa na tabia ambayo makatibu wote tungeipenda: kabla ya kuhama ajenda anarudia kwa sauti kilichokubaliwa na kuuliza kama kuna anayepinga.

Kuuliza anayepinga ndiyo namna yao ya kuamua. Kura hakuna, wala akidi. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa programu ni “tunapigaje kura?”, na jibu huwachosha wengi. Wenye sarafu hawapigi kura, wathibitishaji (wanaoweka dhamana ya sarafu ili kuthibitisha bloku) hawapigi kura kikaoni, na waandishi wa programu za nodi husikilizana mpaka upinzani mkubwa uishe. Kura ya mwisho ni programu unayoiwasha kwenye nodi yako. Ilionekana tarehe 20 Julai 2016, mtandao ulipobadilishwa ili kurudisha ETH takriban milioni 3.6 zilizochotwa na mdukuzi kwenye The DAO, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Waliokataa waliendelea na mnyororo wa zamani, nao upo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic. Tangu hapo hamu ya kurudisha fedha kwa amri imepungua. Mwaka 2018 EIP-999 iliomba kufungua zaidi ya ETH 513,000 zilizokwama kwenye pochi za kampuni ya Parity, na haikuingia kamwe.

Tezos, blokucheni nyingine, wana njia tofauti. Kule pendekezo la badiliko huwekwa kwenye mnyororo wenyewe, wathibitishaji wao wanapiga kura kwa vipindi, na likipita linawashwa na itifaki. Ni safi, unaona hesabu. Lakini hesabu ile ni ya uzito wa sarafu, na sioni raha ya kumpa mwenye mfuko mkubwa neno la mwisho juu ya jambo la kihandisi. Kwa Bitcoin nasema kidogo tu: ni wagumu kubadilika, wanajivunia ugumu huo, na kwa fedha inayokusudiwa kukaa vile vile nadhani wana haki.

Uimara wa utaratibu niliupima zaidi siku mambo yalipoharibika. Tarehe 24 Februari 2025 Pectra iliwashwa kwenye mtandao wa majaribio wa Holesky. Geth, Nethermind na Besu zilikuwa na anwani isiyo sahihi ya mkataba wa amana (unaopokea dhamana za wathibitishaji) kwa mtandao ule, zikakubali bloku ambayo nyingine ziliikataa, na wathibitishaji wengi wakajikuta upande usio halali. Ukamilishaji wa bloku, yaani kuzifunga zisibadilike tena, ulisimama kwa siku nyingi. Nilifuatilia mwanzo hadi mwisho. Chanzo kilitajwa hadharani mapema, timu zilizokosea zilisema zimekosea wapi, tarehe ya mtandao mkuu ilisubiri, na Machi wakaanzisha mtandao mpya wa majaribio, Hoodi, ili jaribio lifanyike upya kwa nafasi. Hakuna aliyelazimisha tarehe kwa sababu ilishatangazwa. Nimeshuhudia taasisi zikizindua mfumo mbovu kwa sababu tu mgeni rasmi alishaalikwa, kwa hiyo uungwana ule uligusa moyo wangu kweli.

Sasa nyota niliyoizuia. Utaratibu huu unamsikia vizuri mwenye timu ya nodi, na unamsikia kwa kuchelewa anayejenga juu yake. Aprili 2024 kikao kilikubali EIP-3074, njia ya awali ya kuiruhusu akaunti ya kawaida iendeshwe na mkataba erevu, iingie Pectra. Baada ya uamuzi ndipo wajenzi wa kiwango cha ERC-4337, waliokuwa na njia yao ya kuboresha akaunti, walipopinga kwa nguvu kwamba njia hizo mbili hazipatani. Ndani ya wiki chache Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum, na wenzake wakaleta EIP-7702 badala yake. Matokeo yalikuwa mema, nimeshayasifu. Lakini jambo la uzito ule lilipaswa kusikika kabla ya muhuri.

ProgPoW ilikuwa mbaya zaidi. Badiliko hilo la namna ya uchimbaji (njia ya zamani ya kuunda bloku kwa nguvu za kompyuta) lilikubaliwa kikaoni, likasukumwa mbele, likakubaliwa tena Februari 2020, kisha likawekwa kando watumiaji na wajenzi walipokuja juu. Halafu kuna EOF, mpangilio mpya wa msimbo wa mikataba. Liliondolewa kwenye sasisho la Shanghai mapema 2023, likapangwa tena, likahamishiwa sasisho la Fusaka, na Aprili 2025 likatolewa kabisa. Sina ugomvi na kulitoa, hoja za ugumu wake zilikuwa na mashiko. Ninachokilalamikia ni kwamba watu walitoa miaka ya maisha yao kwenye kazi iliyoonyeshwa mlango mara kadhaa, na baadhi ya pingamizi zilizolimaliza zingeweza kutamkwa mwanzoni kabisa. Pendekezo linalokataliwa mapema linamwacha mtu na nguvu ya kufanya jingine. Likikataliwa mwaka wa nne, unapoteza wazo na mwandishi wake pia.

Wameanza kurekebisha, na hili ni haki kulisema. EIP-7723 imeweka hatua zinazoeleweka: pendekezo limeombewa nafasi, linafikiriwa, limepangwa, au limekataliwa, na kila sasisho lina andiko linaloonyesha lipi liko hatua gani. Kwa sasisho la Glamsterdam waliamua kuchagua kwanza mabadiliko makuu, EIP-7732 (kutenganisha anayependekeza bloku na anayeijenga) na EIP-7928 (orodha ya akaunti zinazoguswa na kila bloku), ndipo madogo yafuate. Ni mpangilio bora. Bado hauna hatua ya lazima ya kuwauliza wenye pochi, wenye maktaba na wakaguzi wa mikataba kabla jambo halijapangwa. Mimi ningeweka siku 30 za maoni yao, kwa maandishi, na mwandishi wa pendekezo awajibike kujibu kila hoja kabla ya kuvuka hatua. Katibu yeyote wa ushirika angeshangaa kwamba hatua hiyo haipo.

Lugha ni Kiingereza tu, tena cha wahandisi, chenye vifupisho ndani ya vifupisho. Gharama kwa msomaji ni bando na muda.

Ukitaka kuanza, usianze na EIP-1, utachoka. Fungua EIP-7702 na usome sehemu ya sababu, kisha ya usalama, halafu historia ya mabadiliko yake kuanzia chini kwenda juu. Ukimaliza, tafuta maandishi ya vikao vya Mei 2024 uone wanavyobishana juu ya andiko hilo hilo. Ukiwa na programu inayogusa miamala, angalia pia orodha ya mapendekezo yaliyofikia hatua ya kupangwa kwa sasisho linalofuata, na ukiona linalokuvunjia kazi, andika pingamizi lako mapema, kwa hoja na mfano wa msimbo. Wanajibu. Mimi nilijibiwa ndani ya siku hiyo hiyo, na mtu ambaye hakujua mimi ni nani wala niko wapi.