Kipimajoto cha shilingi 350: miezi 14 kwapani mwa mwanangu

Maoni mengi niliyosoma kuhusu vipimajoto yameandikwa na wazazi ambao homa kwao ni mafua na kulala mapema. Nami nilikuwa hivyo. Sasa nina mtoto wa miaka minne anayetibiwa saratani ya damu, ile aina inayowapata watoto kuliko nyingine zote, na kwa miezi 14 kijiti hiki cha plastiki kimekaa mfukoni mwa dera langu hata nikiwa naumua unga wa mahamri.

Chenyewe ni kile cheupe cha kawaida: ncha laini inayopinda, kidirisha cha namba, kitufe kimoja. Nilikinunua duka la dawa pale Ngara, Nairobi. Maandishi ya ubavuni yamefutika kwa kupanguswa na spiriti kila siku, kwa hiyo jina la kampuni siwezi kuwapa. Chenye umbo hilo na ncha hiyo ndicho ninachokisema.

Siku tuliyoruhusiwa kutoka wodini mara ya kwanza, sista alinikalisha kitandani akaniuliza, "Mama, nyumbani una kipimajoto?"

"Nina mkono wangu, sista. Wanne nimewalea kwa mkono."

"Huyu mkono hautamtosha, mama."

Akanieleza, na namshukuru kwamba hakunificha. Kemo, zile dawa za saratani, huua chembe zinazokua haraka, za saratani na zisizo za saratani, na uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe za damu, nao hupigwa. Baada ya wiki moja hadi mbili hivi, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, neutrofili, hushuka mno. Hapo bakteria wa tumboni au mdomoni mwa mtoto mwenyewe wanaweza kuingia kwenye damu, na mwili hauna askari wa kutengeneza hata usaha. Huenda usione uvimbe, hata kikohozi kisiwepo. Mara nyingi homa ndiyo kengele pekee. Ikifika 38 usingoje kupambazuke, usimpe Panadol kwanza ikaificha, njoo. Dawa ya bakteria inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja tangu afike.

Nikauliza, kwa nini kwapani? Njia ya haja kubwa tumekatazwa kabisa, kwa sababu ngozi ya ndani ni laini, ikichubuka umewafungulia vijidudu mlango. Chini ya ulimi hawezi kutulia, na wiki ambazo mdomo una vidonda vya kemo hata kijiko hakitaki. Cha kioo chenye zebaki sikukitafuta. Kikivunjika sumu iko sakafuni, na Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa kuhusu zebaki, ulishaweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza kati ya nchi na nchi. Basi kwapa. Lakini kwapa hutoa namba ya chini kuliko mdomo, kwa hiyo sheria tuliyopewa sisi ni hii: 37.5 pima tena baada ya nusu saa, 38 chukua mkoba. Wewe uliza hospitali yako ikupe namba zake.

Kabla sijakiamini hiki, mume wangu alinunua ile bunduki ya kuelekeza kwenye paji la uso, shilingi 2,500, duka moja la katikati ya mji. Alinunua kwa mapenzi, ili mtoto asisumbuliwe usingizini. Ile kitu ilinitia hofu kuliko ugonjwa. Mtoto akitoka juani inasema 38.1, akiwa na jasho inasema 35.9, nikimpima mara tatu napata namba tatu. Jioni moja, siku ya tisa baada ya kemo, ilisema 36.7. Nikalala. Saa nane kasoro usiku mtoto alinigusa mguu, akasema, "Mama, baridi." Stima zilikuwa zimepotea Pangani nzima. Nikawasha tochi ya simu, nikaingiza hiki cha 350 kwapani, nikambana mkono. 38.4.

Niligonga nyumba namba tatu, kwa jirani mwenye Probox. "Ndugu yangu, nisamehe usingizi wako. Mtoto ana 38.4." Hakuuliza maana yake nini, alikuwa ameshaambiwa tangu zamani kwamba nikimtajia namba, ni kuondoka. Uhuru Highway ilikuwa tupu. Mapokezi nikasema maneno matatu niliyoyakariri njia nzima: ana saratani ya damu, kemo ilikuwa siku tisa zilizopita, joto ni 38.4 saa nane kasoro dakika kumi. Yule sista wa zamu aliinuka kabla sijamaliza. Damu ikachukuliwa, nyingine ya kuoteshwa maabara kuona kama ina bakteria, dripu ikaanza. Neutrofili zilikuja 200 kwa maikrolita. Chini ya 500 ni hatari kubwa. Tulikaa siku tisa, na alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, ameshika mkono wa baba yake.

Ndiyo maana nakipa nyota zote nilizo nazo. Siku zote mama akisema "mwanangu anachemka" watu humwambia atulie. Akisema 38.4, mlango unafunguka.

Sasa kasoro zake, maana nimekaa nacho. Kidirisha hakina taa, na homa za watoto hawa hupenda usiku. Mlio wake ni mdogo. Mvua ikipiga mabati husikii kitu. Kinachukua kama dakika nzima, na kwapani nakiacha kidogo zaidi baada ya kulia, kwa sababu nimeona namba ikipanda bado. Dakika hiyo kwa mtoto wa miaka minne ni ndefu kama foleni ya famasia.

Dawa tuliyoipata ya dakika hiyo ni hadithi. Namwambia "Paukwa!" naye "Pakawa!", na sungura anaanza safari pale kitufe kinapobonyezwa. Kikilia, sungura anasimama hapo hapo alipo, hata kama yuko katikati ya mto, hadi kipimo kijacho. Sungura wetu ametembea kutoka Malindi kwa bibi yake, sasa yuko karibu na Mtito Andei. Mtoto mwenyewe siku hizi ndiye anayenikumbusha saa ya kupimwa, ili ajue kama simba amemfikia. Mtoto aliyeshikwa kwa nguvu na watu wazima mara nyingi, wa sindano na wa sindano ya mgongo, kupata kitu kimoja cha hospitali anachokitaka mwenyewe si jambo dogo kwangu.

Mama mkwe alipokuja kutusaidia tulivutana kidogo. Alimgusa shingo asubuhi akaniambia, "Mwanangu, hii homa ya mafua. Mkande maji, mpe Panadol, mchemshie mwarobaini." Nilimwonyesha daftari: tarehe, saa, joto, dawa aliyomeza. Nikamwambia, "Mama, tukimpa Panadol kabla ya kupima, tutaizima kengele na nyumba bado inaungua." Akanyamaza. Kesho yake nilimkuta ameketi na mjukuu, kijiti kwapani, anamsimulia fisi wa Malindi ambaye mimi sikuwahi kumsikia. Herufi hazijui vizuri, lakini namba anaziandika kubwa na safi, na kurasa zake katika daftari lile ndizo ninazozipenda kuliko zangu. Mwarobaini tulimuuliza daktari. Akasema mitishamba tuiweke kando hadi matibabu yaishe kwa sababu inaweza kugongana na dawa, na mama mkwe aliupokea uamuzi huo.

Jambo moja ambalo hakuna kipimajoto kitakachokufanyia, na sitaki mzazi mwenzangu alijue kwa kuumia. Zile wiki za deksamethasoni, dawa ya steroidi iliyo kwenye matibabu yake, zile ambazo mtoto hula ugali saa kumi usiku na kulia kwa sababu soksi imepinda, dawa hiyo inaweza kuizuia homa isipande hata kama ana maambukizi. Kwa hiyo namba ikiwa 36.8 na mtoto amelegea, analala wakati si wake, anatetemeka, mikono ya baridi, usiiamini namba. Nenda. Nimeenda mara mbili hivyo. Mara ya kwanza haikuwa kitu, tukarudishwa nyumbani mchana na daktari akaniambia nilifanya vizuri kuja. Mara ya pili tulilazwa.

Kukisafisha ni pamba na spiriti, kabla na baada, na hiki ni cha mtoto huyu peke yake. Kaka zake wana chao. Usikitumbukize chote kwenye maji. Kinakumbuka kipimo cha mwisho: ukikiwasha, namba ya awali hujitokeza kidogo. Hilo limenisaidia usiku ambao mikono ilitetemeka nikasahau kuandika. Kila miezi mitatu hivi huwa nakilinganisha na cha kliniki, kwapa lile lile, na hakijawahi kupishana nacho zaidi ya nukta mbili.

Betri ni ile ndogo kama kifungo cha shati, LR41, ipo hata kwa mafundi wa saa. Imebadilishwa mara moja. Ilianza kufifia jioni, namba zikawa nusu nusu, nikazunguka Ngara nzima maduka yakifungwa, na mtoto yuko siku ya kumi. Siku hizi betri mbili za akiba nimezibandika kwa selotepu nyuma ya daftari, na daftari hukaa juu kabisa, mahali ambapo mikono midogo haifiki, maana mtoto akimeza betri hiyo ni hatari nyingine kubwa.

Matibabu bado. Sasa tuko kwenye vidonge vya nyumbani kila usiku na sindano mara moja kwa mwezi, na daktari ametwambia tuhesabu zaidi ya mwaka mwingine mmoja. Leo saa kumi na mbili jioni ilikuwa 36.6. Sungura amelala chini ya mbuyu, nje kidogo ya Mtito Andei.