Printa ya leza ya rangi: kabla ya bei, uliza dramu iko wapi

Malalamiko ninayoletewa na wenye steshenari yanafanana: tona, yaani wino wa poda, inakula faida yote. Mwingine kajaza wino mara kadhaa, sasa kila karatasi inatoka na madoa yaliyoachana kwa nafasi ileile, juu mpaka chini. Fundi anazidi kumbadilishia poda. Poda haina kosa, dramu ndiyo imechoka, ile silinda inayochorwa picha kwa poda kabla haijafika kwenye karatasi.

Kasi na Wi-Fi utazisoma kwenye boksi. Dramu hakuna anayekutajia. Mashine nyingi dramu imo ndani ya kasha la tona, kwa hiyo ukijaza wino unarudi na dramu ileile iliyochakaa. Na makasha ni manne.

Ndiyo maana Brother HL-L3270CDW naiweka ya kwanza, wala sisiti. Dramu yake inakaa mbali na tona na inakadiriwa kurasa 18,000. Tona ni chombo cha poda tu. Rangi moja ikiisha, kazi za nyeusi zinaendelea kwenye karatasi ya kawaida. Mteja wa barua na fomu humrudishi.

Ya pili ni Canon LBP623Cdw. Dramu iko ndani, basi chukua tona ya 054H (nyeusi kurasa 3,100, rangi 2,300), siyo 054 ya kawaida inayotoa 1,500 na 1,200.

HP M255dw ni ya tatu. Nayo dramu imo ndani, na kasha la 207A linatoa nyeusi 1,350, rangi 1,250. Ukijaza, chipu ya HP iliyo kwenye kasha isiondolewe, maana HP wenyewe wanasema masasisho ya programu ya printa yanaweza kuzuia chipu isiyo yao. Zima masasisho ya kujiendesha.

HP 150a ni ya bei nafuu na dramu yake imejitenga, ila tona ya rangi inaishia kurasa 700.

Tena kurasa zote hizo za tona zimehesabiwa kwa wino unaofunika takriban asilimia 5 ya ukurasa kwa kila rangi. Kipeperushi chenye bluu ukurasa mzima hakimo kwenye hesabu hiyo, kitoze bei yake.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Mashine wanaisifia mpaka basi, ukiuliza bei ya tona zote nne unaambiwa, "Hiyo tutaongea, dada." Tona iliyomo kwenye boksi nayo mara nyingi ni ya kuanzia, haijajaa, na hawasemi. Usitoe hela mpaka bei ya seti nzima, na ya dramu, iandikwe kwenye profoma.