Kisanduku cha Cotman cha rangi 12: je, kinamfaa mstaafu anayeanza kuchora mimea?

Kisanduku kidogo cha rangi za maji cha Cotman, kinachotengenezwa na Winsor & Newton, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1832, kinamtosha mtu aliyestaafu anayetaka kuchora mimea kwa usahihi, mradi fedha anazookoa kwa kutonunua kisanduku kikubwa azipeleke kwenye karatasi na brashi. Nakitumia hapa Tanga tangu nilipoacha ualimu, na hukumu yangu inahusu kazi hiyo peke yake, kwa kuwa anayechora mandhari ya bahari au sura za watu ana mahitaji mengine.

Ndani yake mna rangi mbili za manjano, nyekundu ya kung'aa, damu ya mzee, bluu mbili, kijani mbili, tatu za udongo pamoja na nyeupe. Cotman ni rangi za daraja la wanafunzi, maana yake ni kwamba zile ghali zinazotokana na madini ya kadimiamu na kobalti zimewekewa mbadala wa bei nafuu. Kwa anayeanza hiyo si hasara, na mwenye wajukuu wanaopenda kugusa kila kilichopo mezani atashukuru kwamba kadimiamu, ambayo ni sumu, haimo.

Nililokipimia kisanduku hiki ni lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani hapa Tanga, na kulieleza kitaalamu mwaka 1893. Porini mmea huu umo hatarini, kwa hiyo chora wa kwenye chungu, usiung'oe mlimani. Zambarau ya petali hupatikana kwa kuchanganya bluu nzito na damu ya mzee, huku maji yakiwa mengi kuliko unavyodhani, na katikati huachwa nafasi ya vile vifuko viwili vya chavua vya manjano. Jani ndilo lenye kazi. Ukilisogeza karibu na dirisha utaona limejaa vinyweleo vinavyoshika mwanga, na kijani cha kisandukuni kikipakwa jinsi kilivyo hulifanya lionekane kama la plastiki. Tia chembe ya damu ya mzee ndani ya kijani hicho, na papo hapo kinatulia na kuwa kijani cha mmea uliokulia kivulini. Vinyweleo navyo havihitaji rangi nyeupe: ukipitisha ncha ya brashi yenye unyevu tu juu ya rangi iliyokwisha kukauka, kisha ukafyonza kwa kitambaa, weupe wa karatasi unajitokeza wenyewe.

Hilo litawezekana tu iwapo karatasi inastahimili. Karatasi za madaftari ya shule hujikunja zikiguswa na maji na kutoa manyoya mara brashi inaporudi mahali palepale, na hapo mwanafunzi wa miaka sitini na zaidi hujilaumu mkono bure. Nunua karatasi ya pamba tupu, ile laini iliyobanwa kwa joto, yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Arches ya Ufaransa ni mojawapo, na bei yake inatisha kidogo, lakini jani moja kamili la sentimita 56 kwa 76 hukatwa vipande vinane, na kila kipande kinatosha ua moja na majani yake.

Brashi inayokuja na kisanduku imefupishwa ili iingie ndani, jambo zuri kwa msafiri. Mwenye vidole vinavyouma asubuhi atafute brashi ya mviringo namba 4 yenye mpini wa kawaida. Mwombe muuzaji kikombe cha maji, uichovye, uikung'ute mara moja. Nywele zisipojikusanya kuwa ncha moja, mrudishie.

Kuhusu macho, miwani ya kusomea haitoshi. Kioo cha kukuzia chenye kusimama mezani na taa inayotoka upande mmoja tu vitakusaidia kuliko rangi yoyote ya ziada. Mary Delany, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700, alianza akiwa na miaka 72 kutengeneza picha za mimea kwa vipande vya karatasi za rangi, akafikisha 985, ambazo leo zimehifadhiwa British Museum, na kilichomsimamisha mwaka 1782 ni macho. Mikono yake ilikuwa bado inataka.

Chagua pia mmea usio na haraka. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia mchana limeshanyauka, wakati Saintpaulia hukaa siku kadhaa likimsubiri mtu apime urefu wa petali kwa bikari, anywe chai, apime tena. Kwa hali ya hewa ya pwani nina onyo moja: usifunge kisanduku kabla vidonge vya rangi havijakauka, kwa sababu joto na unyevu vikikutana humo ndani ukungu hauchelewi. Karatasi nazo ziwekwe mbali na ukuta, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko.

Kidonge cheupe ndicho pekee nisichokiona kuwa na kazi, kwani mchoraji wa mimea huutegemea weupe wa karatasi. Kwa bahati nzuri vidonge huuzwa pia kimoja kimoja, na nafasi hiyo inaweza kupewa rangi ya waridi iliyo safi, ambayo kisanduku hakina na ambayo yeyote atakayejaribu kuchora ua la rangi ya waridi ataihitaji mapema.