Tathmini ya SQM kwenye Ruta za OpenWrt: Tiba ya Vikao vya Video Vinavyokatika

Nyumba nyingi zenye intaneti ya megabiti 10 au 20 kwa sekunde zinaijua kero hii: mtu mmoja yuko kwenye kikao cha video, simu ya mwenzake inaanza kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, na sauti ya kikao inakatika papo hapo. Wengi hukimbilia kulipia kasi kubwa zaidi. Baada ya kuitumia SQM (Smart Queue Management, yaani usimamizi wa foleni za data), programu ya bure inayoongezwa kwenye ruta zinazoendeshwa kwa OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta, naamini kwamba nyingi ya nyumba hizo hazina haja ya gharama hiyo.

Tatizo lenyewe ni foleni. Kwenye laini inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde, modemu yenye bafa (kumbukumbu ya data inayongoja kutumwa) ya megabaiti 1 huhitaji sekunde 2 kuimaliza foleni iliyojaa, na muda wote huo maneno ya kikaoni yanangoja nyuma ya picha. SQM huihamishia foleni hiyo ndani ya ruta, mahali inapoweza kusimamiwa. Unapima kasi halisi ya laini, unaandika takriban asilimia 85 hadi 95 ya kipimo hicho, kisha unachagua CAKE, kanuni ya kupanga foleni ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018. Kazi yake ni kufupisha foleni na kugawa zamu kwa haki. Ukiiagiza pia igawe kwa kila kifaa, kompyuta inayopakua mafaili mengi kwa mpigo haiipiti simu yenye kazi moja tu, na hilo ndilo lililonivutia kuliko yote.

Huenda msomaji akauliza kwa nini WMM (Wi-Fi Multimedia, mpango wa vipaumbele wa Wi-Fi), ambayo tayari imo katika ruta karibu zote, isitoshe. WMM inatokana na kiwango cha 802.11e, nayo hugawa trafiki ya hewani katika makundi 4: sauti, video, ya kawaida na isiyo na haraka. Kundi la sauti husubiri muda mfupi zaidi kabla ya kurusha. Ni mpango mzuri, na usiuzime, kwa kuwa kasi za kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n na za vya baada yake zinautegemea. Hata hivyo, mamlaka yake yanaishia kati ya kifaa na ruta, na foleni ya kwenye modemu haiigusi kabisa. Isitoshe, hufuata alama za kipaumbele zinazobandikwa kwenye data, ambazo programu nyingi haziweki. Hata alama ya 46, iliyotengwa kwa ajili ya sauti, huangukia kundi la video kwenye vifaa vinavyosoma biti zake 3 za kwanza pekee. Ndiyo maana naona foleni fupi ina faida kubwa kuliko orodha ndefu ya vipaumbele.

SQM haitibu mawimbi dhaifu. Simu iliyo nyuma ya kuta mbili za tofali itaendelea kusuasua, kwa sababu kizuizi chake kiko hewani, na hapo dawa ni kuisogeza ruta au kuongeza nyingine. Pia inakula nguvu ya kichakataji: ruta ya bei nafuu inayoimudu laini ya megabiti 20 inaweza kulemewa na ya megabiti 300. Kabla ya kununua, hakikisha modeli yako imo katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, na ukishaiweka, zima kipengele cha kuharakisha trafiki kinachoikwepa foleni, la sivyo SQM itaonekana imewaka huku haifanyi lolote.

Kwa laini ya faiba ninaipendekeza bila kusita. Kwa anayetumia 4G, ambayo kasi yake hupanda na kushuka kutwa nzima, ni bora aweke kiwango kilichopimwa jioni wakati mnara umeelemewa, akikubali kwamba asubuhi atapoteza sehemu ya kasi ili sauti ya kikao ibaki salama.