Kozi ya kuunda kozi: uzoefu wangu baada ya wiki sita

Mimi ni fundi wa mabuibui na madera hapa Majengo, Mombasa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha wasichana wawili watatu kushona barazani kwangu. Mwaka jana nilijaribu kuyauza mafunzo hayo mtandaoni: nikarekodi video 22, nikazipanga kuanzia historia ya cherehani hadi kutia vifungo, kisha nikatangaza bei ya shilingi 1,500. Walionunua walikuwa 14, na aliyefika video ya mwisho ni mmoja tu, naye ni binamu yangu. Ndiyo sababu nililipa shilingi 4,500 kwa M-Pesa ili nijiunge na kozi ya wiki sita inayofundisha namna ya kuunda kozi ya mtandaoni kwa kufuata mahitaji ya wateja.

Wiki ya kwanza ilinikera. Nilitarajia kufundishwa habari za kamera na mwanga. Badala yake tulikatazwa kurekodi chochote mpaka tuwe tumezungumza na wateja watano na kuyaandika maneno yao kama walivyoyatamka, pasipo kuyapamba. Masharti yalikuwa makali: usimuulize mteja anataka kozi gani, kwa kuwa atakujibu la kukufurahisha, muulize mara ya mwisho alipoijaribu kazi hiyo alikwama wapi, na baada ya kukwama alifanya nini.

Wa tatu katika hao watano alikuwa mama mmoja wa Likoni ambaye alinunua kozi yangu ya kwanza akaiacha kwenye video ya nne. Hakusema mengi. Alivaa buibui alilolikata mwenyewe, akainua mkono kama anayeshika bomba ndani ya matatu, na buibui lote likapanda naye mpaka miundi ikawa nje. "Mwanangu," akaniambia, "historia ya cherehani nitaifanyia nini? Mimi nataka kwapa lisinivute." Somo la kukata kwapa lilikuwa kwenye video ya 17.

Baada ya hapo nadharia ya wiki ya pili iliniingia bila kusukumwa. Tulielezwa hoja ya Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu elimu ya watu wazima, kwamba mtu mzima hujifunza kwa hamu pale somo linapogusa tatizo alilonalo sasa, si lile atakalokutana nalo siku moja. Tukaonyeshwa pia utaratibu wa hatua tano ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani: kuchambua, kusanifu, kuunda, kutekeleza na kutathmini. Mimi nilikuwa nimeanzia hatua ya tatu.

Kozi yangu mpya ina video sita, na kila moja inashughulikia kosa moja: kwapa linalovuta, shingo inayofunguka, pindo linalopinda na mengineyo. Hakuna inayozidi dakika saba, kwa sababu watatu kati ya watu wangu watano hutazama usiku kwa bando lililobaki la siku. Vipimo nimevichora kwenye karatasi na kuvituma kama picha kwa WhatsApp, ili mtu avitazame huku mkasi uko mkononi. Mmoja wao huuza viungo Marikiti na hutazama bila sauti kati ya mteja na mteja, kwa hiyo nimeweka maandishi chini ya kila picha. Mambo haya nisingeyajua kwa kukaa nyumbani na kukisia.

Sasa malalamiko. Waliotufundisha kumsikiliza mteja hawakutusikiliza sisi. Video zao zilikuwa za dakika 45, hazipakuliki, na wiki moja pekee ilinimalizia bando la mwezi. Kipindi cha moja kwa moja kiliwekwa Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ambao huku kwetu adhana ya Magharibi inasomwa, na nilipoandika kuomba kisogezwe hata kwa saa moja, jibu lilikuja baada ya siku tisa: ratiba haibadiliki. Wiki ya tano, iliyohusu matangazo, ilikuwa nyepesi mno. Fundi yeyote mwenye wateja wa kudumu anayajua yale.

Hata hivyo sijutii fedha zangu, maana lile zoezi la watu watano pekee lilizirudisha. Anayefundisha jambo tayari na kuona wanafunzi wanamkimbia katikati ajiunge, ila ahakikishe ana intaneti ya nyumbani. Asiye na mteja hata mmoja angojee kwanza, kwani kazi ya wiki ya kwanza itamshinda: hatakuwa na wa kumuuliza.