Chuo nafuu ni kile utakachomaliza: mwongozo kwa aliyeajiriwa

Shahada yangu niliisomea nikiwa mtunza stoo, nikiingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Chuo cha kwanza nilikichagua kwa kigezo kimoja, ada. Kati ya vyuo vyote nilivyopigia simu, kile ndicho kilichokuwa cha chini. Kilikuwa upande wa pili wa jiji. Mhula wa pili niliacha, na nilichokuwa nimelipa hakikurudi. Tangu hapo, mwenzangu kazini akiniuliza chuo gani ni nafuu, namuuliza kwanza anakaa wapi na anatoka kazini saa ngapi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua mtu wa Dar es Salaam anayefanya kazi Kariakoo, analala Mbagala, na chuo chake cha jioni kiko Mwenge. Tuseme nauli ya ziada ni shilingi 1,500 kwa siku, bodaboda ya kutoka kituoni usiku ni 2,000, na chakula cha jioni 2,000. Akienda siku tano kwa wiki, wiki 15 kwa mhula, mihula miwili, hizo ni siku 150. Kwa mwaka ametoa 825,000 nje ya ada. Kwa miaka mitatu ni 2,475,000. Bei hizo ni za mfano, weka zako. Lakini ukikumbuka kuwa shahada ya biashara kwenye vyuo vingi vya umma ni milioni moja na ushee kwa mwaka, utaona kwamba barabara peke yake inakula kama ada ya miaka miwili. Na hapo hatujagusa sapu (mtihani wa marudio) wala kukeri masomo (kubeba somo ulilofeli hadi mwaka unaofuata), ambavyo kwa mwanafunzi mwenye kazi hutokea zaidi kwa sababu ya kukosa muda kuliko kukosa akili. Kila somo unalorudia lina malipo yake na linasogeza mahafali mbele.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa njia sita za kusoma, utakaouona hapa chini, haufuati ada. Unafuata uwezekano wa mtu mwenye kazi, familia na mshahara wa kawaida kufika mwisho, akiwa na cheti ambacho mwajiri atakipokea.

Kabla ya kulipia hata fomu

Kuna ofisi mbili za kuulizia. Ya kwanza ni ya anayesimamia chuo. Chuo kikuu kinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Chuo cha kati na taasisi zinazotoa tuzo za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi zinazopanda kwa ngazi, ziko chini ya baraza liitwalo NACTVET, ambayo zamani ilikuwa NACTE. Orodha zao ziko kwenye tovuti zao, wazi kwa kila mtu. Tafuta jina la chuo, halafu usiishie hapo: tafuta na jina la kozi yenyewe, na kampasi unayotaka kusomea. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi ikawa haijaidhinishwa. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kwenye vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75. Waliokuwa wameshajiandaa kwa kozi hizo walilazimika kupanga upya. Kijana aliyetoka kidato cha sita anaweza kupoteza mwaka akajipanga. Wewe mwenye ada ya watoto shuleni utauona mwaka huo kwenye kila kitu nyumbani.

Ofisi ya pili ni ya afisa utumishi wako. Hili linawaumiza watumishi wa umma kuliko jambo lolote ninalolijua. Mtu anasoma miaka minne, anapeleka cheti, anaambiwa kozi hiyo haimo kwenye muundo wa utumishi wa kada yake, au kada anayotaka kuhamia haina nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Cheti ni halali, chuo ni kizuri, mshahara uko palepale. Uliza mapema: kozi hii inanipandisha kwenye kada yangu, au itabidi nibadilishiwe kada? Ruhusa ya masomo nayo iombe kwa maandishi, hata kama unasoma jioni au kwa masafa, maana siku ya mitihani ndipo utakapoihitaji.

Mkopo wa serikali usiuwekee matumaini makubwa. Masharti ya Bodi ya Mikopo yamekuwa yakimtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, na asizidi miaka 35. Na kama ulikopa huko nyuma, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kurejesha deni. Iondoe kabla ya kupiga hesabu ya ada.

Sifa za kuingia pia zijue mapema. Kwa shahada, kiwango cha jumla ni principal mbili (ufaulu wa A hadi E) za kidato cha sita zenye pointi zisizopungua 4.0, au stashahada yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kwa astashahada ya NTA ngazi ya 4, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ukiacha ya dini.

Ya kwanza: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Makao makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini nguvu yake ni vituo vya mikoa. Mwalimu wa Nkasi au karani wa Masasi halazimiki kuhamia Dar. Masomo mengi anayapata kwa mtandao, na mtihani anaufanyia kituo cha mkoa wake.

Ninakiweka cha kwanza kwa sababu ya namna ya kulipa. Unasajili masomo unayoyaweza na kulipia hayo. Mwaka ambao mtoto anaingia sekondari unasajili machache. Mwaka wenye nafuu unasajili mengi. Chuo cha kawaida kinakutaka uende na kundi lako, na ukibaki nyuma unakeri au unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Hapa mwendo unaupanga mwenyewe, na kwa mtu ambaye mshahara wake una miezi mizuri na miezi mibaya, uhuru huo ni mkubwa kuliko punguzo lolote la ada.

Uhuru huohuo ndio mtego wake. Hakuna mhadhiri wa kukuuliza mbona hukuja jana. Niliwaona watu wenye akili kunizidi wakisajili masomo mengi kwa ari ya mwanzo, wakashindwa kuyasoma, wakakaa mwaka bila kusajili kitu, na mwaka mmoja ukazaa mitatu. Kilichonivusha mimi kilikuwa kundi la watu watano wa kozi moja. Tulikutana kila Jumapili mchana kwenye banda la shule ya msingi jirani, kila mmoja akiwa amesoma mada aliyogawiwa, tukapitia mitihani ya miaka ya nyuma swali kwa swali. Nenda kituo cha mkoa, muulize mratibu wanafunzi wa kozi yako ni kina nani, uombe kuunganishwa kwenye kundi lao la WhatsApp kabla hujasajili somo hata moja. Ukikuta kozi yako kwenye mkoa wenu ina mtu mmoja tu, fikiria kozi ya jirani yake yenye watu.

Sifa zikipungua, chuo hiki kina pia kozi ya msingi ya kukuandaa kuingia shahada. Wengi hawaijui, wanakwenda kurudia kidato cha sita wakiwa na miaka 38. Kozi za sayansi zenye maabara zitakulazimu kufika ana kwa ana, kwa hiyo ratiba hiyo iulize mapema.

Nani asiende huko? Mtu ambaye tangu shule alihitaji mwalimu asimame mbele ndipo aelewe. Hilo si aibu. Ajijue tu, aende namba mbili.

Ya pili: madarasa ya jioni kwenye vyuo vya umma vya biashara

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanza mwaka 1965, kina kampasi Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Taasisi ya Uhasibu, TIA, iko Dar na pia Mbeya, Singida, Mtwara, Mwanza na Kigoma. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, cha mwaka 1972, kipo katikati ya Dar, na kwa anayefanya kazi Posta au Kivukoni ni mwendo wa miguu.

Faida kubwa ya njia hii ni ngazi za NTA. Ukianza na cheti cha kidato cha nne, unasoma astashahada mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, halafu shahada miaka mitatu. Ni miaka sita, mirefu kweli. Lakini kila ngazi inakupa cheti mkononi, na ukikwama kifedha baada ya mitatu unabaki na stashahada kamili. Anayeingia moja kwa moja shahada akakwama mwaka wa pili, mara nyingi anatoka na karatasi ya matokeo tu. Kwa aliye na kipato cha kubahatisha, ningependa apande ngazi kwa ngazi. Baadhi ya vyuo hivi hudahili pia mwezi Machi, kwa hiyo ukikosa udahili wa mwisho wa mwaka hulazimiki kusubiri mwaka mzima.

Uliza mambo haya ana kwa ana, na ikiwezekana nenda jioni yenyewe ukaone. Je, mkondo wa jioni wa kozi hiyo unaendeshwa kweli, au huunganishwa na wa mchana wanafunzi wakiwa wachache? Kipindi kinaanza saa ngapi? Ada ya jioni ni sawa na ya mchana? Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, inafanyikaje kwa mtu aliyeajiriwa, na ofisi yako mwenyewe inakubalika? Fildi ya wiki kadhaa bila ruhusa ya mwajiri imewatoa wengi chuoni.

Omba pia orodha kamili ya malipo: usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, ada ya udhibiti ubora, bima. Bima ya mwanafunzi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Kama tayari una kadi kupitia kazini, ipeleke nakala ili usilipie mara mbili.

Ya tatu, na kwa baadhi ndiyo ya kwanza: mitihani ya bodi

Kama tayari uko kwenye uhasibu au ununuzi, huenda huhitaji chuo. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, hutahini wahasibu mwezi Mei na Novemba, kuanzia ATEC, cheti cha ngazi ya chini kwa wenye elimu ya chini, hadi CPA, cheti cha mhasibu kamili. PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, ina mitihani yake kwa watu wa fani hiyo. Unajisajili, unalipia masomo unayoyafanya, unajisomea au unajiunga na madarasa ya marejeo. Kwa karani wa hesabu mwenye nidhamu, sijaona njia ya gharama ndogo inayobadilisha mshahara kama hii. Mitihani ni migumu, ijulikane hivyo, na kufeli somo ni jambo la kawaida hata kwa wazuri. Lakini unarudia somo, hurudii mwaka.

Ya nne: urasimishaji ujuzi wa VETA

Hii ni ya fundi. Kama umejenga, umeshona, umepika hotelini au umetengeneza magari kwa miaka bila cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanakupima kwa ulichonacho mikononi, wanakuziba mapengo, wanakupa cheti. Serikali imewahi kulipia mafundi wengi kupitia programu ya kukuza ujuzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo kabla ya kutoa hela yako ulizia halmashauri au chuo cha VETA cha mkoa kama kuna awamu iliyofunguliwa.

Ya tano: vyuo binafsi vya wikendi

Vipo vizuri. Ada ndiyo iko juu, na Jumamosi na Jumapili za miaka mitatu ndizo siku za misiba, harusi na watoto. Vifikirie ikiwa mwajiri analipa, au kama kozi unayoitaka haipatikani kwenye chuo cha umma karibu nawe. Uliza kama ada inapokewa kwa awamu nne, na kama anayedaiwa awamu ya mwisho anaruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Jibu hilo liwe la maandishi.

Ya mwisho: vyuo vya nje kwa mtandao

Matangazo yake ni mengi na bei zake huvutia. Vipo vya kweli. Lakini tuzo ya nje, ukitaka itumike hapa, itapita TCU kutathminiwa. Peleka jina la chuo na la kozi TCU kwanza, upate jibu, ndipo ulipe. Kumbuka pia kuwa unalipa kwa dola huku mshahara ukiwa wa shilingi, na kwa miaka minne huwezi kujua dola itafika wapi.

Ukishachagua, omba kalenda ya masomo ya mwaka mzima, si ya mhula tu. Weka alama ya wiki za mitihani. Siku hiyohiyo peleka barua kwa msimamizi wako kuomba likizo yako ya mwaka iangukie wiki hizo, kabla wenzako hawajazichukua. Mimi mwaka wa kwanza nilichelewa kuomba, nikapangiwa shifti siku ya mtihani wa takwimu, na somo lile likanigharimu mwaka mwingine.