Maharage ya kuunga au kachumbari ya maharage: ipi inaufaa moyo?

Huku Mbeya maharage sio shida jamani, sokoni Mwanjelwa unachagua rangi unayotaka, shida ni ukishachemsha unayafanyaje kama nyumbani kuna mzee wa presha. Nyuzinyuzi zake, zile zinazosaidia kushusha kolesteroli, zipo kotekote, hapo hakuna mshindi.

Kuunga ni kitunguu, nyanya, karoti, hoho, dakika 15 mboga iko mezani. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha sufuria nzima ila wengi tunamimina kwa macho, halafu mtu anavunjia na kiungo cha pakiti ambacho sehemu kubwa ni chumvi, na bado anaongeza chumvi yenyewe! WHO, yani Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chakula chote cha siku.

Kachumbari mimi ndio naipendea hapo. Chuja maharage yaliyopoa, katia kitunguu, nyanya, giligilani, kamulia ndimu, mwisho parachichi la Rungwe lililoiva vizuri, lile ukiligusa linabonyea kidogo, ukichanganya linayapaka maharage yote kama rojo na huhitaji mafuta mengine, mafuta yake ni yale yasiyoganda yanayoufaa moyo. Dakika 5 tu. Ndimu inafanya usiikumbuke chumvi kabisa.

Ila baridi ya mwezi wa 6 hii, ugali wa moto na kachumbari ya baridi haviendi, usiku unga tu, mafuta pima kwa kijiko. Na kote maharage yaive kabisa, mabichibichi yanaumiza tumbo vibaya.